Sifuri ya Bibie

Katika duka la shangazi yangu hakuna mteja aliyewahi kuambiwa kiuno chake kina sentimita ngapi, na nadhani hilo ndilo lililowaleta. Fundi mwingine atakuzungushia futi, atasoma namba kwa sauti, na wote waliokaa kwenye benchi watageuka kukutazama. Shangazi alisema mwanamke hapandi ngazi za ghorofa mbili ili aje kusomewa hukumu.

Yeye alipima kwa Bibie.

Bibie ni kiwiliwili cha kitambaa kinachosimama kwa mguu mmoja wa chuma karibu na dirisha. Hana kichwa, hana mikono, na amevaa kifuniko cha khaki chenye vifungo mgongoni. Shangazi alimnunua siku alipofungua duka, miaka ishirini na saba iliyopita, na karatasi zote za kukatia nguo zinazoning'inia ukutani zilikatwa kwa umbo lake. Ikija kazi, Shangazi humzungushia Bibie utepe mpya kiunoni na kuukata pale ncha zinapokutana. Kisha humzungushia mteja utepe huohuo. Ncha zikishindwa kukutana, anapima mwanya uliobaki: hiyo ni jumlisha. Zikipishana, anapima zilivyopishana: hiyo ni toa. Anafanya vivyo hivyo kifuani na nyongani. Daftarini utakuta "+4" au "−3", basi. Wakati wa kukata, anailaza karatasi ya Bibie juu ya kitambaa, na pale anaongeza nne au anapunguza tatu.

Chuoni tungesema Bibie ndiye sifuri, na wanawake wote wengine wamepangwa kushoto na kulia kwake, hasi huku na chanya kule. Nilisomea ualimu wa hesabu. Wakati huo nilikuwa nasubiri kupangiwa shule, na baba akaona afadhali nisubiri huku nikishona vifungo kuliko kusubiri huku nikitazama dari. Sikuwahi kumweleza Shangazi habari za mstari wa namba. Alikuwa akiutumia tangu sijazaliwa.

Wateja wetu wakubwa walikuwa kwaya ya hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, wanawake kumi na mmoja na mwalimu wao, bwana mpole anayetunza stoo ya hospitali. Tuliwaita kwa sehemu wanazofanyia kazi. Mapokezi alikuwa sifuri kamili kwa miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kukaa naye dakika kumi bila kulijua hilo. Jikoni, anayewapikia wagonjwa, alikuwa jumlisha tisa na aliibeba tisa yake kama cheo. Maabara alikuwa toa nane, mwembamba kiasi kwamba akisimama ubavu unaanza kumtafuta.

Mwaka huo hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya ya watoto, na kwaya ingeimba siku ya ufunguzi. Walinunuliwa kitambaa cha bluu, kikaletwa kwetu.

Sasa nieleze kosa langu.

Siku chache kabla ya vipimo, Shangazi alikwenda kumwona mjukuu wake mchanga akaniachia duka kwa siku mbili. Hakuja mteja hata mmoja. Nilikaa nikimtazama Bibie. Kifuniko chake kilikuwa na mikunjo kiunoni kama soksi iliyolegea, na mimi ni mtu wa kuhurumia vitu. Nimewahi kumwomba radhi kiti. Nikaona miaka ishirini na saba amesimama kwa mguu mmoja, anachomwa pini, anavikwa harusi za wenzake, na hakuna aliyewahi kumfanyia lolote. Nikamfungua vifungo, nikafumua mshono wa ubavuni, nikamjaza pamba mpaka mikunjo yote ikaisha, kiunoni, kifuani na nyongani, sawia kabisa, maana mikono yangu ina subira hata kama akili haina. Nilipomfunga alionekana kama mtu aliyerudi kutoka likizo.

Sikujua kwamba kifuniko kilishonwa kipana kwa makusudi, ili kivulike kwa urahisi siku ya kufuliwa.

Shangazi aliporudi, nilisimama karibu na cherehani nikingoja anisifu. Akatundika mkoba wake begani kwa Bibie kama kawaida na kuniomba maji. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho yake nikaona kwamba aliyekaa kimya jana akizungumza leo ataonekana anajipigia debe. Mpaka siku ya vipimo nilikuwa sijasema.

Mapokezi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupimwa, kwa sababu hakukubali kuwa wa pili. Shangazi alikata utepe mpya kwa Bibie, akamzungushia. Ncha zikapishana.

"Toa sita," Shangazi akasema.

Benchi lote likageuka.

"Rudia," Mapokezi akasema polepole, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye redio.

Shangazi akarudia. Toa sita.

"Mimi nilijua," Mapokezi akasema. "Sikutaka tu kuwaumiza."

Akafuata Jikoni. Utepe ukaacha mwanya mdogo. "Jumlisha tatu," Shangazi akatamka, na hata yeye akainua kichwa.

Jikoni akaketi. "Nilikuwa tatu siku ya ndoa yangu," akasema. "Mume wangu aitwe."

"Yuko wapi?" mwenzake mmoja akauliza.

"Popote alipo. Aitwe."

Na wengine wakafuata, kila mmoja akishuka kutoka kwenye utepe na habari njema. Ukazuka mjadala wa sababu. Famasia alisema ni ile lifti ya hospitali, iliyoharibika mwezi mzima wakawa wanapanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Mwalimu wa kwaya akakohoa na kukumbusha kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kuvuta pumzi kwa tumbo. Jikoni alisema hajapanda ngazi wala hajavuta pumzi kwa tumbo, ila alikuwa ameacha kula mkate. Wenzake wakamtazama. "Wa jioni," akaongeza.

Maabara peke yake ndiye hakucheka. Utepe ulimzunguka ukaendelea na safari. Toa kumi na nne.

"Zimekwenda wapi?" akauliza. "Mimi sikuwa na za kupoteza."

"Ungeniambia, dada, ningekupunguzia zangu," Jikoni akasema. Lakini Maabara alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Wiki mbili zilipita. Shangazi alikata na kushona kwa furaha, kwa kuwa kitambaa cha bluu kilikuwa kidogo na vile vipimo vilikiokoa. Hakuacha hata akiba ya kutosha ndani ya mishono. Alhamisi, siku mbili kabla ya ufunguzi, kwaya ikaja kuvaa. Maabara hakuwepo. Walisema alikuwa hospitalini, si kazini bali kwenye foleni.

Zipu zilipanda kwa msaada wa watu wawili wawili, mmoja akibana mgongo na mwingine akivuta. Hakuna aliyelalamika. Baada ya kujisifu wiki mbili kwenye korido za hospitali, nani angekuwa wa kwanza kusema linambana?

"Limenikaa," Mapokezi akasema kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake.

"Langu hata limepwaya kidogo," Jikoni akasema. Aliambiwa akae kwenye benchi, akajibu kwamba amechoka kukaa.

Mwalimu wa kwaya aliwapanga mbele ya dirisha. "Wimbo wa pili," akasema. "Ile sauti ya mwisho tunaishikilia kwa hesabu nane. Vuteni pumzi kwa tumbo, kama nilivyowafundisha."

Wakajaribu. Niliona mabega ya wanawake kumi yakipanda na matumbo kumi yakikataa. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Kwenye hesabu ya pili ilikuwa imekwisha.

"Tena," Mwalimu akasema, akiwa na wasiwasi.

Jikoni aliamua kutii. Akavuta pumzi ya kweli, na zipu yake ikaachana kuanzia shingoni hadi nyongani kwa mlio wa karatasi inayochanwa. Ikafuata ya Famasia, halafu nyingine mbili huko nyuma.

"Nani kapumua?" Mwalimu akauliza.

Jikoni alisimama ameshikilia gauni kifuani. "Nimezirudisha," akasema kwa huzuni. "Wiki mbili tu, nimezirudisha zote sita."

"Na mimi," Famasia akakiri. "Niliogopa kusema."

"Mimi hapa nimepooza tangu nilipovaa," Mapokezi akanong'ona. "Nifungueni, jamani."

 Shangazi alichukua gauni la Jikoni, akalitandaza mezani, akalipima kwa futi iliyokuwa shingoni mwake. Akapima la Famasia. Akapima na lile la Maabara lililokuwa bado kwenye hanga. Kisha akamzungushia tena Jikoni ule utepe wa siku ya vipimo, na mwanya ukawa uleule wa tatu.

"Hamjanenepa," akasema. "Magauni ndiyo madogo. Nimekata vibaya yote kumi na moja."

Kisha akaivua futi shingoni na kuiweka mezani. Sikuwahi kumwona Shangazi bila futi shingoni, isipokuwa msibani.

"Fundi akikosea gauni moja, amekosea," akasema. "Akikosea kumi na moja, mkono umemuacha. Jumamosi mkishaimba, kwa nguo yoyote mtakayoipata, nafunga duka."

"Usiseme hivyo, mama," Mwalimu wa kwaya akasema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo ni zima, mwanangu. Aliyevunjika ni mhunzi."

Alianza kuikunja ile futi, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Wanawake wakatazama sakafu. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Maabara na karatasi nyingi mkononi.

"Nimepimwa wodi tatu," akatangaza bila salamu. "Kilo hamsini na moja. Mwaka jana hamsini na moja, mwaka juzi hamsini na moja. Malaria hakuna. Sukari hakuna. Minyoo hakuna. Nimejipima hata mimba."

"Ikawaje?" Jikoni akauliza.

"Hakuna. Mume wangu yuko safarini tangu mwaka jana, nilitaka tu orodha ikamilike. Sasa niambieni hizo sentimita sita zimetoka wapi, maana mwilini mwangu hazikutoka."

Sita. Mapokezi naye alikuwa ameshuka sita. Nikalivuta daftari na kulifungua ukurasa wa mwaka uliopita, nikaulinganisha na wa mwaka huu. Mapokezi kutoka sifuri hadi toa sita. Jikoni kutoka jumlisha tisa hadi jumlisha tatu. Famasia kutoka jumlisha mbili hadi toa nne. Maabara kutoka toa nane hadi toa kumi na nne. Nikashuka na kidole hadi chini. Kila mtu sita, hakuna tano, hakuna saba. Mtu hupungua kwa namna yake. Wanawake kumi na mmoja hawapungui sita sita kama waliogawiwa kwenye foleni.

Masikio yangu yakawaka moto. Nilimtazama Bibie aliyetundikiwa mkoba begani, mnene, ametulia, hana habari.

Ningeweza kunyamaza. Nasema kweli, nililiwaza hilo. Nilijiona nikiondoka siku nikipangiwa shule, na hakuna ambaye angejua. Lakini Shangazi alikuwa amekwisha kuikunja futi na sasa anatafuta pa kuiweka, anafungua droo na kuifunga, anafungua nyingine.

"Ni Bibie," nikasema.

"Binti anasema nini?" Mwalimu wa kwaya akauliza. Watu huniuliza hivyo mara nyingi, hata wakiwa karibu.

"Anasema ni Bibie," Maabara akamjibu.

"Bibie kafanya nini?"

"Amenenepa," nikasema. "Nilimnenepesha mimi. Nilimhurumia."

Shangazi akainuka. Akautoa mkoba, akamfungua Bibie vifungo vya mgongoni, akamtia kidole mbavuni. Akavuta kipande cha pamba kupitia mshono wangu, akakitazama kwenye mwanga.

"Hii ni pamba ya mto wangu wa kuegemeza shingo kwenye kiti?"

"Nusu yake, Shangazi."

"Wiki mbili nasema shingo yangu imezeeka," akasema. "Nimenunua dawa ya kuchua."

Hakuna aliyeelewa bado, na sauti yangu haikutosha kuwaelewesha, kwa hiyo nikatumia sakafu. Sakafu yetu ni ya vigae vidogo vidogo. Nikambeba Bibie nikamsimamisha kwenye kigae cha katikati. Nikamwomba Mapokezi asimame kando yake, kwa sababu yeye ni sifuri, jambo ambalo alilipokea kwa heshima. Jikoni nikampeleka vigae tisa kulia. Maabara vigae nane kushoto, hadi mlangoni. Na ile karatasi ya kukatia ya kifua nikaichukua ukutani na kuiweka sakafuni, hapohapo miguuni pa Bibie.

"Kigae kimoja, sentimita moja," nikasema. "Hivi ndivyo mlivyo siku zote."

Kisha nikamsukuma Bibie vigae sita kulia. Mguu wake wa chuma ulipiga kelele njia nzima.

"Sasa jihesabuni kutoka alipo."

Jikoni akahesabu kwa midomo. "Tatu."

"Sita huku nyuma yake," Mapokezi akasema.

"Kumi na nne," akasema Maabara kutoka mlangoni. Akaanza kutabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

"Kuna aliyehama?"

"Hakuna," wakasema. "Bibie ndiye kahama."

"Na karatasi?"

Wote wakaitazama. Ilikuwa imebaki palepale, kwenye kigae cha zamani, miguuni pa Mapokezi. Shangazi alipima kwa Bibie mpya na kukata kwa karatasi za Bibie wa zamani. Kila gauni lilikuwa dogo kwa sita, sawasawa, kwa sababu mkono uliolikata ulikuwa mwaminifu. Hilo la mwisho nililisema nikimtazama Shangazi, na nilihakikisha nimelisema kwa sauti.

 Jikoni ndiye aliyetangulia kusema.

"Kwa hiyo bado ni tisa."

"Bado, mama."

"Na hukuweza kunyamaza mpaka Jumapili."

"Samahani, mama."

"Mume wangu nilikwisha kumwita," akasema. "Alisafiri na basi kuja kuniona."

Lakini Shangazi alikuwa anacheka. Alianza kidogo kidogo, akashika kona ya meza, mwisho akalazimika kukaa. Alipomaliza, aliifungua ile futi na kuirudisha shingoni.

"Nitakuadhibu baadaye," akaniambia. "Sasa tuna siku moja na nusu. Kila gauni linataka sita. Tatu ubavu huu, tatu ubavu huu. Kitambaa kipo?"

Cha bluu kilikuwa kimekwisha, na dukani kilikonunuliwa kilikuwa kimekwisha pia. Mwalimu wa kwaya akainua mkono kama mwanafunzi. Alisema stoo kuna kitambaa cha kijani, kile wanachofunikia wagonjwa kwenye chumba cha upasuaji, kipya, hakijatumika. Kinahitaji sahihi tatu, mbili akiwa nazo yeye mwenyewe.

Ijumaa duka lilijaa. Kila aliyekuwa na mapumziko ya nusu saa alivuka barabara na kuja kufumua. Famasia alifumua mishono kwa wembe wa upasuaji, safi kuliko mkasi wetu wowote. Maabara alikagua kila ukanda wa kijani kwa rula na kurudisha uliozidi hata milimita moja, akisema kuanzia sasa haamini kitu ambacho hakijapimwa mara tatu. Mimi nilikata kanda ishirini na mbili, na hata leo nikifumba macho naiona rangi ile.

Jumamosi waliimba. Kwenye ile sauti ya mwisho Mwalimu alinyanyua mkono kwa hesabu nane, wakafika nane, wakafika tisa, wakapita kumi, na yeye mkono ukamchoka akaushusha, wao bado wanaendelea. Walipoinua mikono juu, mbavu za kijani zilifunguka zote kwa pamoja, na mtoto mmoja mwenye bandeji kichwani akapiga makofi kabla ya wakati. Mke wa mgeni rasmi alimwuliza Mapokezi mtindo ule ameutoa wapi. Mapokezi akamwambia ndio unaoingia, bado haujafika kwa watu wote.

Jumatatu asubuhi walikuja wajumbe watatu: Mapokezi, Jikoni na Famasia. Walikataa kukaa.

"Tumezungumza," Mapokezi akasema. "Tunaomba Bibie abaki alivyo."

"Abaki mnene?" Shangazi akauliza.

"Hajakosa kitu. Anapendeza."

"Mimi nimekuwa tatu kwa wiki mbili," Jikoni akasema, "na nimeona nilivyokuwa nasalimia watu. Magauni yatukae, hilo sawa. Lakini daftarini tuachie hizo sita zetu. Zinamdhuru nani?"

Shangazi akanigeukia. "Mwalimu, inawezekana?"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilisema inawezekana. Sifuri si jiwe la mpaka. Inakaa pale watu wanapokubaliana ikae, mradi kila kinachopimwa kwayo kihame pamoja nayo. Bibie akibaki na pamba yake, ni lazima karatasi zote za ukutani zikatwe upya kwa kuongeza sita. Hapo Jikoni atakuwa jumlisha tatu na gauni litamtosha vilevile.

"Na mimi toa sita," Mapokezi akasema.

"Wewe toa sita."

"Maisha."

Wakashuka ngazi wakicheka kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Shangazi alitandika karatasi mpya mezani, pana, ya kaki, akaibana pembe nne kwa vyuma vya kupigia pasi. Akanikabidhi mkasi wake, ule mkubwa ambao hata baba hajawahi kuruhusiwa kuugusa. Nilianza kuchora mstari wa kwanza.

"Ngoja," akasema. "Hebu nipime na mimi."

Nikakata utepe kwa Bibie, nikamzungushia Shangazi. Ncha hazikukutana. Nilivuta kidogo, kwa adabu, bado hazikukutana. Nikaupima mwanya. Nikaupima tena, nikitamani ubadilike.

"Ngapi?"

"Jumlisha kumi na moja, Shangazi."

"Kwa Bibie huyuhuyu? Mnene?"

"Huyuhuyu."

Alitazama nje ya dirisha kwa muda, hospitalini ng'ambo ya barabara, ambako watu walikuwa wanapanda na kushuka ngazi.

"Weka mkasi kwanza," akasema. "Hatukati leo. Lete ile nusu ya mto iliyobaki."